Kasha la Kioo Tulilolipeleka Luvungi

Wiki iliyopita, siku ya kumi tangu niache kazi, mmoja wenu aliniandikia kwenye simu: "Maman Régine, tunataka kufunga machine moja ndogo lakini ya nguvu. Boîtier gani iko muzuri?" Boîtier ndilo kasha la kompyuta. Hakusema machine ni ya nani, itakaa wapi, wala itafanya nini. Boîtier gani iko muzuri! Mtu anamuuliza fundi viatu kiatu gani ni kizuri, na mguu ameuficha chini ya meza.

Nilianza kumjibu kwa simu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta tena. Mwisho nikachukua daftari, maana jibu langu ni refu, na ndani yake kuna watu kumi na saba wa Luvungi waliosimama wakinitazama nikikusanya vyombo vyangu niondoke. Someni wote pale idarani. Halafu asinitokee mtu mwingine na swali hilo.

Niliingia idara ya matengenezo ya hospitali yetu hapa Bukavu nikiwa na miaka ishirini na miwili na diploma ya umeme ambayo hakuna aliyetaka kuiona. Mkubwa wa idara alikuwa Papa Mushagalusha, mtu mfupi aliyefunga shati mpaka kifungo cha shingo hata jua likiwaka. Aliniangalia kuanzia kandambili mpaka nywele, akasema, "Banatuletea mwanamuke. Ni muzuri. Mikono yako iko midogo, itaingia fasi yangu haiingiake." Akanipa brashi ya rangi na mashine ya kuandikia iliyotoka wodi ya wazazi. "Toa vumbi."

Nilitoa vumbi miezi miwili. Nilidhani ananidharau. Kumbe alikuwa ananifundisha kazi yote, na hasira zangu zilinizuia kuona hilo.

Kompyuta za kwanza zilipofika, watu walizizunguka kama maiti ya mtu mkubwa. Papa Mushagalusha hakuwa amesoma chochote juu yake. Aliiwasha moja, akazunguka nyuma, akaweka kiganja pale feni inapotoa hewa. "Kila kitu chenye kutumika kinatoa joto," aliniambia. "Tafuta joto inatokea wapi. Kama haitoke, iko ndani. Kama iko ndani, iko nakula." Tangu siku hiyo nimesoma vitabu vingi vya Kifaransa juu ya mambo haya, na vingi vimesema hivyohivyo kwa kurasa mia tatu.

Makasha ya wakati huo yalikuwa makubwa kama banda la sungura. Nafasi ndani ilikuwa ya kupoteza. Siku moja pale famasi waliniita kwa sababu machine yao "iko nalia." Nilipoifungua nilikuta panya na watoto sita juu ya kitanda cha karatasi za dawa zilizotafunwa, na kompyuta bado inafanya kazi. Papa Mushagalusha alisema yule panya alikuwa na akili kuliko mwenye famasi, kwa sababu yeye hakuziba tundu la hewa, na mwenye famasi alikuwa ameliegemezea faili kumi na nne.

Msifikiri natia chumvi. Miaka yote ile adui yangu hakuwa radi, wala umeme unaokuja na kukatika kama mtu anayecheza na swichi. Adui yangu alikuwa mtu mwenye nia njema. Katibu mmoja aliifunga kompyuta yake kwa plastiki, kila upande, kama mkate, ili isiingie vumbi, ikaungua. Mchungaji wa kanisa letu alinialika nyumbani kwake Nguba niangalie kwa nini machine yake inazima kila Jumamosi anapoandika mahubiri. Nilikuta mama mchungaji ameivalisha kitambaa cha kufuma, chenye maua, kizuri kweli, kimeziba mgongo wote. Nilikitoa. Jumamosi iliyofuata kilikuwa kimerudi, kimepigwa pasi. Niliambiwa wageni wangekuja.

Papa Mushagalusha alipostaafu nilibaki na brashi zake na hasira zake. Mambo ya vyeo nayaruka, hayafundishi kitu. Naenda moja kwa moja kwa Dokta Bahati.

Dokta Bahati ni daktari wetu wa picha za eksirei. Alirudi kutoka masomoni akiwa bado kijana, mpole, anayesalimia hata walinzi kwa majina, na nasema haya mapema ili msije mkamchukia katika sehemu inayofuata. Hospitali ilikuwa imepata kifaa cha eksirei cha kubeba mkononi. Mpango ulikuwa timu ishuke na jeep mpaka Luvungi, kwenye joto la bonde la Ruzizi, ipige picha za vifua vya watu wanaokohoa, na kompyuta iwe na programu ya kuzisoma picha hizo palepale, imwonyeshe daktari wapi pa kutazama vizuri. Kule chini mtandao hauaminiki, kwa hiyo kila kitu kilipaswa kufanyika ndani ya kompyuta yenyewe. Programu hiyo ilitaka kadi ya picha yenye nguvu, kile kipande cha kompyuta kinachofanya hesabu za picha, na kadi ya namna hiyo inatoa joto kama pasi ya makaa.

Tulijaribu kwanza kompyuta ya mkononi. Ilienda vizuri dakika ishirini, kisha ikaanza kujikokota, kwa sababu vyombo vya moto vimebanwa ndani ya unene wa daftari. Nikasema tufunge ya mezani, lakini ndogo. Ndogo kiasi gani? Nilienda na futi kwenye jeep. Nyuma ya kiti cha dereva, kati ya sanduku la eksirei na jenereta, palibaki nafasi ya sentimita arobaini kwa ishirini, kimo thelathini. Nilikata katoni ya sabuni, nikatengeneza kasha la kipimo hicho hicho, nikakata na kipande kingine chenye urefu wa kadi, kingine cha kifaa cha umeme, nikavipanga ndani. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kuchagua kasha, na haihitaji kompyuta. Inahitaji mkasi.

Nilifika kwenye mkutano na katoni yangu. Alikuwapo Dokta Bahati na alikuwapo gestionnaire wetu, yule anayeshika mambo ya vifaa na wageni, mtu wa tai kila siku.

"Maman Régine, hii carton ni ya nini?"

"Ni kipimo."

Walicheka. Sikucheka. Niliwaonyesha picha ya kasha nililolichagua: bati lililotobolewa pande zote, halina sura, halina taa.

"Wageni bale banatusaidia batakuya kupiga photo," gestionnaire akasema, "na wewe unataka boîtier kama kikapu ya samaki?"

"Kikapu ya samaki inapumua."

Dokta akanigeuzia simu yake. Kasha dogo jeusi, mbele kioo, ubavuni kioo, taa za buluu zinazunguka ndani. "Maman, angalia hii. Ni ndogo kuliko yako. Na iko na feni tatu."

"Feni tatu zinavuta hewa wapi, Dokta? Mbele iko kioo. Kando iko kioo. Chini iko miguu ya sentimita moja."

"Lakini batu ku internet banasema haipate joto."

"Hao batu beko Luvungi?"

Alirudisha simu mfukoni, na mimi nilidhani nimeshinda. Wiki tatu baadaye mwenye pikipiki aliniletea boksi, nikalifungua, nikajiona usoni. Kilikuwa kioo.

Nitawaeleza nilivyolifunga, maana siku moja mtaletewa na ninyi. Katika kasha dogo huwezi kuweka kitu kisha ukafikiria kingine. Waya za umeme zinaingia kabla ya ubao mama, ule unaobeba vyombo vyote, la sivyo vidole havifiki tena. Ule ubao na kadi ya picha katika kasha la namna hii hupeana migongo, na huunganishwa na waya bapa mpana kama mkanda wa saa. Ukiukunja vibaya, kadi haionekani kabisa na utalaumu kila kitu isipokuwa huo waya. Feni ya kichwa cha ubao, yaani ya processeur inayofanya hesabu, lazima iwe fupi, na nilikuwa nimeipima. Kadi pia nilikuwa nimeipima: sentimita ishirini na tisa. Kasha liliandikwa linapokea thelathini. Kadi iligoma kwa upana wa kidole. Nilitafuta miwani, nikasoma maandishi madogo ya nyuma ya karatasi: thelathini, kama feni ya mbele haipo.

Nikaitoa feni ya mbele. Zile feni tatu zikabaki mbili, na zote mbili zilikuwa zinatoa hewa. Ya kuingiza hakuna.

Tulilijaribu asubuhi moja ya mvua, dirisha wazi, ubaridi wa ziwa unaingia mpaka kwenye mifupa. Machine ilisoma picha thelathini bila kukohoa. Taa za buluu zilizunguka. Gestionnaire aliniwekea karatasi mbele yangu na kalamu juu yake. "Saini, maman. Unaona iko natumika."

Nilijua. Niliweka mkono nyuma ya kasha, nikaona hewa inayotoka ni ya moto hata katika baridi ile. Nilijua, lakini nilikuwa nimechoka kubishana na watu wenye furaha. Nikasaini. Katika miaka thelathini na moja hiyo ndiyo saini yangu mbaya kuliko zote, na jina limeandikwa vizuri, linasomeka.

Jumanne iliyofuata tulishuka. Niliomba kwenda nao. Gestionnaire alisema hakuna haja, nikapanda jeep bila kumjibu. Mnaijua ile barabara ya mteremko, kona juu ya kona, masikio yanaziba, na ukifika Kamanyola unavua sweta uliyoivaa Bukavu. Luvungi tulifika saa nne asubuhi. Jua lilikuwa limeshakaa juu ya bati la kituo cha afya kama mama juu ya kiti chake. Watu kama arobaini walikuwa wamekaa ukutani, wengi wao wakulima wa mpunga, wametoka shambani au hawakwenda kabisa siku hiyo kwa sababu yetu.

Picha ya kwanza ilikwenda. Ya tano ilikwenda. Kwenye picha ya kumi na mbili feni zilianza kupiga kelele kama zinaitwa, kisha kimya. Taa za buluu zikazimika. Picha zenyewe zilipitia ndani ya machine ile, kwa hiyo bila yenyewe hatukuwa na kitu.

"Maman?" Dokta akasema.

"Usiniite."

Nilitoa vioo vyote viwili nikaviegemeza ukutani. Nilimwomba mama mmoja aliyekuwa kwenye mstari aniazime ungo wake, nikaanza kupepea machine kama mtu anayepepea makaa. Iliwaka. Tukapata picha nyingine kumi na moja kwa namna hiyo, mimi napepea, Dokta anasoma, jasho linadondoka kwenye meza. Lakini nje walikuwa wanapura mpunga, na pumba zilikuwa zinapeperuka mpaka ndani. Kasha lililo wazi lilimeza kila kilichopita. Saa nane mchana lilizimika na halikuwaka tena. Dereva alisimama mlangoni, akaonyesha saa yake: vizuizi vya barabarani havipitiki jioni, na sote tulijua.

Mwenye ungo aliitwa Zawadi. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, kitenge kimefungwa juu ya matiti, na nyuma yake ameketi mama mkwe wake, bibi aliyekuwa akikohoa ndani ya kiganja. Nilimrudishia ungo, nikamwambia machine imepata joto, tutarudi.

Aliniangalia. Hakupaza sauti. "Mulituita, tukakuya. Mama mukwe huyu ametembea tangu jua halijatoka. Sasa munasema machine imechoka. Na siye hatuchokake?"

Nilihesabu waliobaki: kumi na saba. Niliandika majina yao kwenye karatasi, mmojammoja. Hakuna aliyekuwa ameniomba niandike, lakini nisingeweza kuwatazama bila kufanya kitu kwa mikono yangu. Yule bibi aliitwa Koko Feza. Alipotaja jina lake alilitaja akiangalia pembeni.

Jeep ilipoanza kupanda mlima, Dokta alinigeukia.

"Maman Régine," Dokta akasema, "uliweka saini."

"Niliweka."

"Ungekataa, ningekusikiliza."

"Nilikataa! Nilikuletea katoni, ukacheka! Nilikuuliza hewa inaingia wapi, ukanijibu na internet, halafu ukaenda kununua kioo nyuma ya mugongo wangu! Unataka nikatae mara ngapi, Dokta? Nikuandikie kwa lugha ya Mashi?"

Dereva aliongeza mwendo, maskini. Nilikuwa sijawahi kumpandishia daktari sauti. Dokta Bahati aligeuka dirishani. Baada ya kona mbili tatu akasema polepole, "Nilikuwa nataka wageni wapende. Nilidhani wakiona kitu cha kupendeza watatupa na kingine." Kisha akasema, "Nisamehe." Nilikuwa bado na hasira, na hasira ile ilikuwa imenigeukia mimi mwenyewe, kwa hiyo sikumjibu vizuri. Nilimwambia afunge dirisha, vumbi linaingia.

Kesho yake sikwenda ofisini kwanza. Nilichukua vyombo vyote vya ile machine, nikavifunga ndani ya blanketi, nikapanda mpaka Kadutu kwa Papa Deo, fundi bati anayetengeneza masanduku ya wanafunzi wa shule za bweni na mbabula, yale majiko ya makaa. Nilikuwa nimetafuta kasha la matundu kwa wafanyabiashara wote wa mjini. Wote walikuwa na kioo, wote walikuwa na taa. Nikavipanga vyombo juu ya meza yake ya chuma, kimoja kimoja, nikaanza kumweleza kadi ni nini na ubao mama ni nini.

Papa Deo aliinua mkono. "Maman, usinielezee majina. Niambie tu: gani njo iko na moto?"

Nilimwonyesha kadi, na kile kichwa cha ubao.

"Na feni hii inavuta ao inasukuma?"

"Inavuta."

Alikuna shingo. "Basi ni mbabula. Upepo unaingia chini na kandokando, moto unatokea juu. Ukiziba chini, haiwake. Ukiziba juu, inakuunguza. Ni nani alikuambia kuweka kioo?"

Ningemkumbatia. Dakika moja! Sisi tulikuwa na mkutano, na projekta, na biskuti.

Tulifanya kazi siku nne. Bati nene kidogo, lisilotetemeka barabarani. Matundu chini na ubavu wote unaotazamana na tumbo la kadi, kwa sababu kadi inavuta hewa kwa tumbo. Feni moja juu, kubwa, inayozunguka polepole na kutoa. Miguu ya sentimita nne, ya mpira wa tairi. Ule waya bapa niliushika kwa kipande cha bati na skrubu mbili ili mashimo ya barabara yasiung'oe. Juu ya matundu nilibana kitambaa cha chandarua mara mbili, kinachovuliwa na kufuliwa, kwa ajili ya pumba. Mpini juu, kama wa sanduku. Na lile kasha liliingia nyuma ya kiti cha dereva, likabakisha nafasi ya vidole viwili kila upande, kwa sababu katoni ya sabuni haidanganyi.

Safari hii hatukulijaribu karibu na dirisha. Nililiweka ndani ya chumba cha kufulia cha hospitali, pale wanapochemsha mashuka, mlango umefungwa, saa tatu mfululizo. Akina mama wa kufua waliniuliza kama nimerukwa na akili. Nilitoka nimelowa kama shuka. Machine haikusita hata mara moja.

Gestionnaire alilikuta kwenye korido. "Hii ni nini?"

"Boîtier."

"Maman Régine. Hii utaipeleka mbele ya wageni?"

Nilikuwa nimefungua mdomo, na namshukuru Mungu kwamba niliyotaka kusema hayakutoka, maana Dokta Bahati alinipita, akalishika lile kasha kwa mpini wake, akasema, "Naipeleka mbele ya wagonjwa, papa," akaenda nalo mwenyewe mpaka kwenye jeep, koti lake jeupe limechafuka kwa mafuta ya bati. Siku hiyo nilimsamehe. Sikumwambia.

Tulirudi Luvungi wiki mbili baada ya ile siku. Nilikuwa na karatasi yangu ya majina kumi na saba, na tuliwaanza hao kabla ya wengine wote. Jua lilikuwa lile lile, bati lile lile, pumba zile zile. Picha ya kumi na mbili ilipopita, Dokta alinitazama. Nikajifanya natafuta skrubu. Ya ishirini ilipita. Ya thelathini. Niliweka mkono juu ya feni: hewa ilikuwa ya moto, inatoka, inatoka tu.

Zawadi alikuja. Alisimama mbele ya kasha letu akaligeuzia kichwa huku na huku. "Hii njo machine? Mubaya hivi?"

"Ndiyo hii."

"Basi." Akapigwa picha. Kifua chake kilikuwa safi.

Katika karatasi yangu jina moja lilibaki bila alama. "Zawadi, mama mukwe iko wapi?"

"Amekataa. Anasema muko batu ba kuchekea batu."

Dokta Bahati aliweka kalamu chini. Alimwacha muuguzi wa kituo na watu waliokuwa wanasubiri, akaniambia, "Twende, maman." Tukamfuata Zawadi kwa miguu, mwendo wa dakika kumi na tano katikati ya mashamba. Koko Feza alikuwa mlangoni kwake, ameketi chini, anachambua mchele. Dokta alichuchumaa mbele yake, akajieleza, akaomba msamaha kwa heshima yote, kwa Kiswahili chake cha darasani. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuonyesha gogo lililolala juani.

"Mukae."

Tukakaa. Akaendelea kuchambua mchele. Alitoa vijiwe kimoja kimoja, akivitazama. Alikohoa kiganjani, akakifuta, akaendelea. Kivuli cha mgomba kilikuwa hatua tatu kutoka kwetu na hakuna aliyetukaribisha huko. Dokta alianza kutazama saa. Nilimpiga kiwiko. Akashusha mkono wa koti juu ya saa yake, hakuitazama tena.

Alipomaliza ungo wote aliuingiza ndani, akaosha mikono, akabadilisha kitenge, akafunga kilemba, na alipotoka alisema, "Sasa twende. Na musinikimbize." Tukatembea kwa mwendo wake. Ilituchukua karibu saa moja kufika kituoni, kwa sababu alisalimia kila nyumba.

Picha yake ilitoka kabla hajamaliza kufunga vifungo vya blauzi. Programu ilichora duara juu ya pafu la kulia, lakini Dokta hakuhitaji duara. Hata mimi niliona lile doa. Muuguzi akachukua makohozi. Nyumbani kwa bibi yule, nilikuwa nimewaona kwa macho yangu, walikuwapo wajukuu watatu, na mkeka mmoja.

Dokta alimweleza kila kitu taratibu: ugonjwa uko, ni kifua kikuu, dawa zipo, atapona, watoto nao wataletwa wapigwe picha. Koko Feza aliitikia kwa kichwa. Alishika ile karatasi ya dawa, akaikunja mara nne.

"Siku ile ya kwanza," akasema, "hii ilikuwa tayari ndani yangu?"

"Ndiyo, koko."

"Na kama leo ningekataa kabisa?"

Dokta aliangalia chini, na mimi pia. Jenereta ilikuwa inanguruma nje, na lile kasha baya la sura lilikuwa linapumua mezani kati yetu sote. Koko Feza akaichomeka karatasi ndani ya kilemba chake, akaita Zawadi ampe mkono, akarudi nyumbani kuwaleta watoto.